Nyumba nzuri, lakini mama yangu aliambiwa apite nyuma

Chumba kilikuwa kizuri, hilo sitalificha. Kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko zimeachwa wazi darini, chandarua kimefuliwa kinanukia. Ni moja ya yale majumba ya zamani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo yaliyogeuzwa hoteli ndogo za kifahari, na waliolikarabati wanaijua kazi: hata mlango wa nakshi hawakuupaka rangi ya mafuta. Siku ya kwanza ningewapa nyota zote tano.

Jioni moja mama akaja kunitazama. Anakaa hapo hapo mjini, Magomeni. Kajitanda kanga, mkononi kikapu cha ukili, ndani vitumbua alivyonipikia. Binti wa mapokezi hakumwamkia. Shikamoo hakuna, karibu hakuna. Alikitazama kikapu, akasema: "Mama, wauzaji hawaruhusiwi huku mbele. Zunguka nyuma, ulizia jikoni."

Mama akamjibu kwa upole kwamba amemfuata mwanawe.

"Mwanao yuko idara gani?"

Nilikuwa nashuka ngazi, nimeyasikia kwa masikio yangu. Na muda huo huo wageni wawili wa Kizungu, miguu imejaa mchanga wa pwani, walipita wakachekewa, hakuna aliyewauliza kitu. Ukutani hapo hapo wametundika maelezo kwamba Bagamoyo ndiyo yalikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891. Mnaula mji huu kwa historia yake, halafu wenye mji mnawapitisha uani!

Meneja akaniambia ni utaratibu wa usalama, akaagiza niletewe juisi ya bure. Juisi ya nini? Mama ndiye aliyevunjiwa heshima, na hata kumgeukia hakumgeukia.

Kwa haki, mpishi alitoka jikoni mwenyewe, akampa shikamoo, akamwekea kiti barazani, akaomba kitumbua. Na changu wake wa kupaka sijala mfano wake. Kwa ajili yake nilikusudia kutoa tatu. Lakini kila nikikumbuka "idara gani", mkono unagoma. Natoa moja.

Ukiwa na mgeni kutoka mbali mpeleke, atafurahi. Mzazi wako usimpeleke, mpaka nisikie meneja amefika Magomeni kumwomba mama radhi. Nyumba nilimwelekeza. Hajafika.