Vitabu vya maisha vya kujaza kwa watoto wa malezi ya kambo: cha kununua na cha kuacha

Kitabu cha maisha ni kile chenye picha na maneno machache kinachomwekea mtoto aliyeondolewa kwao na kukabidhiwa familia nyingine imlee (hayo ndiyo malezi ya kambo) habari zake: amezaliwa na nani, ameishi wapi, kwa nini hayuko kwa mama yake, sasa anakaa na nani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inakitaja kwa jina na kutaka mtoto ashirikishwe kukitengeneza. Siku hizi vinauzwa vikiwa vimeshachapwa, mlezi anajaza nafasi tu. Tunavipima hapa vile vya watoto wa miaka 3 hadi 7. Katika umri huu kosa la kitabu hukaa muda mrefu bila kujulikana, kwa kuwa mtoto akielewa vibaya hasemi. Utaona tu amerudia kukojoa kitandani.

Ukikishika mkononi, achana na jalada. Fungua moja kwa moja ukurasa unaoeleza kwa nini mtoto hayuko nyumbani. Huo ndio unaobeba kitabu kizima, na ndio unaoharibiwa kuliko yote.

Vingi vina sentensi ya aina hii, imeshachapwa: "Wazazi wako wanakupenda sana, ndiyo maana wakakupeleka kwa familia nyingine." Inasikika vizuri masikioni mwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 anatoa hesabu nyingine kabisa: anayenipenda ndiye anayeniondoa. Siku mlezi wa kambo akimwambia "nakupenda", anaanza kukusanya nguo zake. Sentensi nyingine inayopendwa ni "Mama ni mgonjwa," bila kusema ugonjwa gani. Kuanzia hapo kila mlezi akikohoa, mtoto hali wala halali. Kitabu chenye maneno kama hayo yaliyochapwa kiache, hata kama picha zake ni nzuri, maana yakishachapwa hayafutiki.

Kinachofaa ni ukurasa mweupe wenye mistari minne au mitano na mwongozo wa mlezi pembeni. Maneno yenyewe yawe ya vitendo ambavyo mtoto amewahi kuviona. Mfano: "Mama alikuwa anakunywa pombe nyingi. Mtu akilewa hawezi kupika wala kumwangalia mtoto. Watoto wanahitaji mtu mzima wa kuwaangalia kila siku. Hakimu akasema ukae kwa mama Rehema, na watu wazima wengine wanamsaidia mama. Wewe hukufanya kosa lolote." Hakuna tusi kwa mama, hakuna uongo, na kila sentensi ina jambo moja.

Hiyo sentensi ya mwisho peke yake haitoshi, na hapa hata vitabu vizuri hupungukiwa. Mtoto wa umri huu huamini kwamba alichowaza au alichofanya ndicho kilicholeta yote. Mwanasaikolojia wa watoto Piaget alilieleza hili zamani, na walezi huliona kila wiki. Tena hatia yake huwa na jina: alivunja kikombe, alimpiga mdogo wake, alimwambia mwalimu kuhusu alama za mgongoni. Huyu wa mwisho ndiye mwenye mzigo mzito, kwa sababu kwa hesabu yake mdomo wake ndio uliomtoa nyumbani. Tafuta kitabu chenye nafasi ya kuuliza, "Wewe unadhani ilikuwaje?" kabla ya maelezo ya mkubwa. Akijibu "kwa sababu nilisema kwa mwalimu," andika jibu mahsusi: "Kumwambia mwalimu kulikuwa sawa. Kuwalinda watoto ni kazi ya watu wazima." Kitabu kisicho na nafasi hiyo unaweza kukiongezea karatasi, mradi kinafunguka.

Hilo linatuleta kwenye jalada na ufungaji, jambo ambalo wauzaji hawalizungumzii. Kitabu kilichogundishwa au kushonwa hakifai. Maisha ya mtoto wa malezi ya kambo yanabadilika: anahamishwa, anapata mdogo, kesi inasogezwa mbele. Chukua cha faili la pete linalofunguka, lenye mifuko ya plastiki ya kuingizia karatasi. Pete ziwe imara na zifunge bila kuacha mwanya, kwa kuwa zikilegea karatasi huchanika matundu ndani ya miezi michache. Kuna jambo jingine: mtoto akikasirika atachana ukurasa, na atachana ule wenye picha ya mtu anayemkumbuka zaidi. Kwa hiyo picha halisi isiwekwe humo kabisa. Weka nakala, hifadhi picha halisi kwenye bahasha mahali pakavu, na nakala nyingine kwenye kompyuta au simu. Nyuma ya picha andika majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino ikikandamizwa huacha mikwaruzo upande wa mbele, tena juu ya uso.

Mpangilio wa kurasa nao una shida. Karibu vyote huanza na siku ya kuzaliwa: uzito, saa, nani alikuwepo hospitalini, alama ya unyayo. Faili la mtoto mara nyingi halina habari hizo, na kurasa nne tupu za mwanzo zinamwambia kwamba hakuna aliyemjali kiasi cha kukumbuka. Ufumbuzi ni rahisi kama una pete: anza na leo. Mlango wa nyumba anayokaa sasa, kitanda chake, paka wa hapo, jina la mwalimu wake. Akishatulia kwenye mambo anayoyajua, rudi nyuma hatua moja hadi nyumba aliyotoka, kisha kwao. Malizia tena kwenye leo na kinachofuata, usimwache huko nyuma halafu ukafunga kitabu ukampeleka kuoga.

Ukurasa wa "mti wa familia yangu" uondoe. Una shina moja na pande mbili, na mtoto mwenye mama wa kumzaa, baba asiyejulikana, bibi aliyemlea miaka miwili na walezi wa kambo hana pa kuwaweka bila kumnyang'anya mtu nafasi yake. Badala yake chora duara tatu, wazo la daktari wa Kimarekani Vera Fahlberg: mzazi aliyekuzaa, mzazi mwenye mamlaka ya kuamua, na mzazi anayekulea kila siku. Kwenye duara la kwanza zinaingia sura, macho, kipaji cha kuimba. Hakuna atakayeziondoa humo. La pili ni la hakimu au ustawi wa jamii, na watoto hushangaa kusikia kwamba mlezi wao naye lazima aombe ruhusa ya baadhi ya mambo. La tatu ni chakula, nguo, kubembelezwa usiku. Mtoto anayemkatalia mlezi kwa kuogopa kumsaliti mama yake anaona kwa macho kwamba duara moja haliifuti nyingine.

Kurasa za hisia huwa nyingi kupita kiasi. Sura ishirini za kuchagua ni za kumchosha mtoto. Nne zinatosha mwanzoni: furaha, huzuni, hasira, woga. Kasoro kubwa zaidi ni kumtaka mtoto abandike stika moja tu ya hisia kwa siku. Siku ya kumtembelea mama, mtoto ana furaha na hasira kwa pamoja, na akilazimishwa kuchagua moja atachagua ile inayowapendeza wakubwa. Mchoree duara la uso na umwache aligawe kwa rangi apendavyo.

Kalenda ya kubandika ni nyongeza nzuri, kwa sharti moja: isiwe na kisanduku cha "siku ya kurudi nyumbani". Hakuna mlezi wala afisa anayeijua hadi mahakama iamue, na ahadi iliyopita bila kutimia inabomoa kila neno jingine kitabuni. Itumike kwa mambo ya uhakika ya wiki hii tu. "Hivi karibuni" haimwambii mtoto chochote. "Ukilala, ukiamka, ukilala tena, ukiamka, ndiyo siku ya kumwona mama" anaielewa. Na safari ya mama ikiahirishwa, stika ihamishwe mbele ya mtoto, aambiwe aliyeahirisha si yeye.

Kwa matumizi, dakika 10 hadi 15 zinatosha, mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu, si uso kwa uso, mikono yake ikiwa na kitu cha kufanya. Usikifungue wakati wa kulala wala saa chache baada ya kuonana na wazazi. Ukurasa wa sababu usiandikwe na mlezi peke yake. Afisa ustawi wa jamii aulinganishe na faili kwanza, kwa kuwa kosa la jina au la tarehe humfuata mtoto hadi utu uzima. Na kitabu ni mali yake. Akihama, kinahama naye siku hiyohiyo, nakala ndiyo inayobaki ofisini.

Kwa wanaotaka kitu cha bure cha kuandamana nacho, Sesame Workshop ya Marekani ilitoa mwaka 2019 video na michezo ya Karli, mwanasesere wa kipindi cha watoto cha televisheni Sesame Street anayeishi na walezi wa kambo, Dalia na Clem, wanaoitwa wazazi wa kwa sasa. Baadaye mwaka huohuo ikaelezwa kwamba mama yake anapata nafuu kutokana na uraibu. Ubora wake ni kwamba Karli anaendelea kumpenda mama yake huku akiwa na nafasi mezani kwa walezi. Lakini iko kwa Kiingereza na Kihispania, hivyo mlezi aitazame kwanza peke yake, kisha amsimulie mtoto huku sauti ikiwa chini. Na mtoto ambaye mama yake hana tatizo la uraibu aelezwe wazi kwamba hiyo ni habari ya Karli; asipoambiwa huichukua kama yake.

Midoli inayofungwa pamoja na vifurushi vya bei ya juu haiongezi kitu. Mtoto anayekuja na kitambaa chake cha zamani kinachonuka kwao anacho tayari anachokihitaji. Usikifue wiki ya kwanza.

Kama mtoto amekuja kwa dharura, wa kukaa siku chache tu, usinunue kitabu chochote. Karatasi moja ngumu yenye picha inatosha: wanaoishi humu na majina yao, choo kiko wapi na taa yake inawashwaje usiku, saa za kula, na nani atakuja kumwona, lini. Isome naye mkiingia mlangoni, kisha ibandike kwenye usawa wa macho yake, si yako.