Waziri Mkuu wa London na wa Dodoma

Cheo ni kimoja, ila meno si sawa. Waziri Mkuu wa Uingereza ndiye anayepanga baraza: mfalme huteua na kufuta mawaziri kwa ushauri wake. Wa Tanzania huteuliwa na Rais, kisha Bunge humthibitisha. Mawaziri nao huteuliwa na Rais baada ya kushauriana naye. Kusimamia anawasimamia, lakini kalamu ya kutengua haiko mkononi mwake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tofauti inapoanzia.

Maswali ya papo kwa hapo wote wanayo: kule Jumatano, huku Alhamisi.

Kuanguka ndiko kunakotofautiana zaidi. Mwaka 1979 James Callaghan, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipigiwa kura bungeni ya kutokuwa na imani naye, akashindwa kwa kura moja, 311 kwa 310, na nchi nzima ikaenda kwenye uchaguzi. Tanzania, ibara ya 53A ya Katiba inamtaka Waziri Mkuu aliyepigiwa kura ya kutokuwa na imani ajiuzulu ndani ya siku mbili. Rais anabaki. Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, hakusubiri kura hiyo. Februari 2008, sakata la Richmond, yaani la mkataba wa umeme wa dharura, lilipopamba moto bungeni, aliandika mwenyewe barua ya kujiuzulu.