Ramani 8 za ukutani za dola kubwa: nimezitumia muhula mzima darasani

Nafundisha Historia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikichora dola za watu kwa chaki. Ya Wamongolia ilikuwa inafanana na kiazi. Januari nikajibana, nikaagiza seti hii kutoka Kariakoo: karatasi 8, upana karibu mita moja kila moja, zimepigwa laminesheni, sh. 96,000 pamoja na nauli ya basi. Zilifika zimeviringishwa ndani ya bomba la maji la plastiki lililozibwa kwa selotepu huku na huku. Hapo muuzaji kanifurahisha.

Uzuri wake ni kwamba hazikuonyeshi dola ikiwa imeshashiba. Rangi inakuwa nzito pale ilipozaliwa, inapauka kadiri inavyotanuka, na kila kipande kina mwaka wake. Kwa Wamongolia unaanza na doa jekundu karibu na mto Onon, mwaka 1206, Temujin alipotawazwa kuwa Genghis Khan. Kisha mishale: Bukhara 1220, Kyiv 1240, Baghdad 1258. Mmoja unashuka kama unaokwenda Misri halafu unakatika ghafla Ain Jalut, huko Palestina, 1260, pale Wamamluki, watawala wa Misri, walipowazuia. China ya kusini inapakwa rangi mwishoni kabisa, 1279. Vijana wangu walikuwa wakidhani Genghis aliyafanya yote mwenyewe. Walipoona alikufa 1227 na nusu ya rangi bado haijaguswa, wakaelewa kazi ya wana na wajukuu bila mimi kusema sana.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Uthmaniya, dola ya Waturuki. Ramani nyingi za dola hii huenda mbele tu kama maji yanayojaa: Bursa 1326, Konstantinopoli 1453, Kairo 1517, Belgrade 1521. Hii imeweka kidirisha pembeni cha mwaka 1402, baada ya vita vya Ankara, Timur, mtawala kutoka Asia ya Kati, alipomkamata Sultani Bayezid, Anatolia ikarudi vipande vipande, na wanawe wakagombania kiti mpaka 1413. Binti mmoja wa kidato cha pili akaweka kidole hapo hapo: "Mwalimu, mbona huku wamepungua?" Kipindi kikaishia kwenye kidole hicho. Konstantinopoli tuliiteka wiki iliyofuata.

Sasa lawama. Ramani ya Oman na Zanzibar imenichosha. Wamemwaga kijani kibichi kuanzia Mogadishu hadi Ruvuma, halafu wakaingia nacho bara mpaka Ujiji, rangi ile ile ya Forodhani. Tunaujua wote msemo wa zumari kulia Unguja wakacheza watu wa maziwa makuu, ila msemo si mpaka. Nguvu ya Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, ilikuwa bandarini, kwenye ushuru wa forodha, na kwenye karafuu za Unguja na Pemba. Bara palikuwa na njia za misafara, na wenye misafara walitoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili wapite. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipogombana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na Sultani pale Unguja hakuwa na la kumfanya. Dola yenye rangi nzima hivyo haifungiwi njia na mtemi mmoja. Hata Mombasa wameipaka kijani mfululizo tangu 1698, Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu, kana kwamba Wareno hawakurudi 1728 wala ukoo wa Mazrui wa Mombasa haukujitawala mpaka 1837.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wachoraji hao hao wanajua kufanya vizuri. Fungua ramani ya Wareno: nukta tupu. Sofala, Kisiwa cha Msumbiji, Goa 1510, Malacca 1511, Hormuz 1515, na mistari ya merikebu katikati. Hakuna aliyewapa Wareno bara zima la India kwa sababu walishika Goa. Kwa nini Sayyid apewe Unyamwezi? (Kilwa yao nayo ina kosa: imewekwa 1505 bila kusema kwamba 1512 waliondoka.)

Bahati nzuri laminesheni inakubali kalamu ya ubao mweupe. Nilichora mwenyewe kwa nyekundu Bagamoyo, Tabora, Ujiji, nikazungushia duara Urambo kwa Mirambo, na kijani cha katikati nikakikatakata kwa mistari mieusi. Inafaa, isipokuwa kila baada ya siku mbili kuna sweta limeegemea ukutani na Tabora imefutika.

Mengineyo: maandishi yanasomeka mpaka dawati la nne, baada ya hapo watoto wanabahatisha. Majina yote ni ya Kiingereza. Matundu ya kutundikia yapo juu tu, kwa hiyo chini inajikunja. Nimefunga kipande cha ubao mwembamba kama uzito.

Ningewapa nyota nne kwa tano. Ukiagiza, mwambie muuzaji akupigie picha kila karatasi kwanza. Yangu ya Songhai ilikunjwa kabla ya kuingizwa bombani, na mkunjo umepita Timbuktu hadi Gao. Nilipompigia akasema, "Itanyooka yenyewe, mwalimu, iweke juani." Niliiweka. Timbuktu ikabanduka.