"Inaua mpaka mita makumi tano": bunduki ya upepo niliyouziwa Lubumbashi

Nimekaa na hasira hii tangu mvua zilipoanza, na leo naiandika. Anayetaka kujua urefu wa mtutu, uzito na rangi ya kitako asome kwenye katoni, yote yameandikwa pale. Mimi nina neno moja nililoambiwa na muuzaji, na kunguru mmoja.

Ninafuga kuku Kisanga, hapa Lubumbashi, Kongo. Ni kuku wa kienyeji, si wengi, lakini ndio wanaonilipia shule ya watoto wawili. Yeyote anayefuga huku anawajua wale kunguru wenye kifua cheupe. Wanakaa juu ya mwembe, kimya, wanangoja. Mama kuku akigeuka tu, kifaranga mmoja hayupo. Kuna juma nilipoteza tisa. Nilitupa mawe, nikatundika mifuko ya plastiki, nikamweka mtoto na kopo la kupigapiga. Kunguru wakazoea yote. Ndipo kaka yangu akaniambia ninunue bunduki ya upepo, kwamba haina baruti, haisumbui majirani, na inamaliza kazi.

Duka liko mjini, si mbali na soko la Mzee Kabila, na jina lake silitaji. Nilimweleza kijana wa pale vizuri kabisa: kutoka mlangoni kwangu hadi mwembe ni hatua arobaini, nataka kupiga kunguru, na nataka afe papo hapo. Nilisema hivyo mara mbili. Nikamwuliza nitumie plombo gani, zile risasi ndogo za bunduki ya upepo, na kama natakiwa kuwa na karatasi yoyote.

"Mama, minakuambia, hii inaua mpaka mita makumi tano. Soma pale." Akagonga katoni kwa ukucha, pale palipoandikwa mita 380 kwa sekunde. Kisha akanipa kopo la plombo nyepesi zinazong'aa kama sufuria mpya, akisema hizo ndizo zinakimbia. Kuhusu karatasi akasema huo ni mchezo wa watoto, karatasi ya nini. Nchi hii ina sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inayodai kibali, ina sheria ya silaha ya mwaka 1985, na yeye anauza huku anasema karatasi ya nini! Halafu akamgeukia mwenzake wakacheka. "Heri umtume papa wa nyumba aje achague." Papa wa nyumba tulimzika miaka kadhaa iliyopita. Sikumwambia. Nililipa, pamoja na darubini ya kulengea aliyonifungia juu ya bunduki pale pale kwa nyongeza ya dola 25, nikafunga katoni kwa kitenge kabla ya kutoka, maana askari akiona mtutu barabarani hatauliza kama ni wa upepo.

Nilianza kwa uangalifu, na hilo nalisema kwa sababu dukani walinifanya nionekane mjinga. Nilipigilia kizibo cha bia ya Simba kwenye ubao, kwa sababu kichwani mwa kunguru mahali panapomwangusha mara moja hapazidi kizibo hicho. Hatua kumi na tano, nikapata. Nikapata tena. Hatua thelathini, risasi zikaanza kutawanyika, moja juu, moja kushoto, moja sikuona hata ilikokwenda. Pale ndipo nilipopaswa kuacha. Lakini masikioni nilikuwa na "mita makumi tano", na asubuhi ile vifaranga wawili walikuwa wamechukuliwa.

Alikuwa amekaa kwenye tawi la chini, amegeuza kichwa pembeni. Nikaweka msalaba wa darubini kwenye kichwa, nikafyatua. Alianguka, na kwa muda mfupi sana nilifurahi. Kisha akasimama. Bawa la kushoto lilikuwa limelegea, akaanza kutembea kuvuka uwanja wangu huku bawa linafagia udongo na kuacha mstari kwenye tope, mstari ulionyooka kama uliochorwa na kijiti. Wenzake wakaja. Kumi, ishirini, sijui, mwembe ukawa mweusi, wakapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwao siku wanapokuja kuiba. Nilikunja mtutu kupakia tena, mikono inatetemeka, plombo ikaanguka chini. Nilipoinua macho, kunguru hayupo. Giza likaingia, umeme ulikuwa umekatika, nikatafuta kwa tochi ya simu hadi simu ikazima.

Sikulala. Alfajiri akaja mzee jirani yangu, mtu aliyewinda upande wa Kasenga ujana wake wote.

"Ulipiga?"

"Nilipiga, papa."

"Yuko wapi?"

Nikasema sijui. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba kwao, aliyejeruhi mnyama alikuwa hakai kula na wengine mpaka amfuate amwone, hata kama ni siku mbili. Tukatafuta wote. Tulimkuta nyuma ya magunia ya makaa, hai. Sisimizi walikuwa wameshafika kwenye bawa. Alinitazama, na ile ngozi nyembamba nyeupe ikapita juu ya jicho polepole, ikarudi, ikapita tena. Mzee akaniambia, "Mama, ni wako, maliza." Nikapiga kwa hatua mbili. Ilikuwa mara moja.

Mzee akamchambua manyoya pale kwenye bega la bawa. Plombo ilikuwa chini ya ngozi, imekaa juu ya mfupa uliovunjika, nzima. Haikubonyea hata kidogo. Ninayo hadi leo ndani ya kikombe, ukiiweka kando ya mpya huwezi kuzitofautisha ila kwa damu iliyokauka. Ile kasi yote ya kwenye katoni, na ilikuwa imefika imechoka hivyo.

Nikaishika darubini. Ilicheza. Skrubu mbili ndogo zilikuwa zinazunguka kwa kidole.

Kilichofuata nilikieleweshwa na mtoto wa dada yangu anayeishi Uingereza, kwa ujumbe wa sauti mrefu, na nakiandika kwa sababu kijana wa duka alipaswa kunieleza kabla ya kupokea pesa. Bunduki ya springi, kama hii yangu, inaruka mara mbili: inarudi nyuma, halafu springi inapofika mwisho inasukuma mbele. Darubini ya kawaida haivumilii mruko ule wa pili, inalegea au inapasuka ndani. Iko iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hata hiyo skrubu zake hukaguliwa. Namba kubwa ya kasi kwenye katoni hupatikana kwa plombo nyepesi za kujaribia tu. Zikipita kasi ya sauti, kwenye mita 340 hivi kwa sekunde, huyumba, na wepesi wao huzimaliza nguvu mapema. Plombo ya madini ya risasi halisi, nzito, inakwenda polepole zaidi lakini inafika na nguvu yake. Kule kwao Uingereza bunduki ya upepo ikizidi juli 16 hivi, kipimo cha nguvu inayotoka nayo risasi, inahitaji cheti, na mtu mwenye hizo juli 16 hapigi njiwa zaidi ya mita thelathini au thelathini na kitu, tena akiwa amefanya mazoezi ya miezi. Makumi tano kijana wa Lubumbashi aliitoa wapi?

Nilirudi dukani. Nilitaka aseme pole, basi. Nikamwekea ile plombo kwenye kaunta.

"Mama, wewe ndiye ulikosa. Bunduki haikukosa."

Nikamwonyesha darubini inavyocheza. Akasema nimeiangusha. Nikasema yule ndege alikaa usiku kucha na bawa lililovunjika. Akacheka, akaita wenzake: "Sikieni, mama analilia kunguru! Si kuku unachinja kila siku?"

Nilikosa la kusema. Nilitoka. Jibu lilinijia nikiwa ndani ya teksi-basi ya kurudi Kisanga, na ninalitoa hapa kwa kuwa sikulitoa pale. Ndiyo, kuku ninachinja. Kisu ninakinoa kwanza. Ninamshika miguu na mabawa, ninakata mara moja, na ninamshika mpaka atulie mikononi mwangu. Sijawahi kumkata kuku nusu nikaenda kulala. Kijana huyo haoni tofauti, na ndiye anayesimama nyuma ya kaunta kuwaambia watu kipi kinaua na kwa umbali gani.

Sasa bunduki yenyewe. Nilikuwa nimeamua kusema ni takataka. Lakini baada ya siku kadhaa niliing'oa ile darubini, nikatumia shabaha ya chuma iliyo juu ya mtutu, nikanunua plombo nzito za madini ya risasi kwa mtu mwingine, na mtoto wa dada yangu akanifundisha kuilaza kiganjani bila kuibana. Hatua kumi na tano, vizibo vitano, nikapata vitano. Siku iliyofuata vinne. Kwa hiyo haki yake niiseme: si mbovu. Tangu michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 watu wanagombea medali kwa bunduki za upepo, mita kumi, kwa kulenga karatasi. Kwa karatasi na vizibo, hii yangu ningeipa nyota tatu, pengine nne.

Lakini nani huku anatoa dola 130 kwa ajili ya karatasi? Pale dukani wanaiuza kwa kuua, kwa sauti kubwa, na watoto wamesimama wanasikiliza. Juzi mwanangu alikuja na rafiki zake watatu kuniomba waende nayo kwenye miti ya nyuma kupiga tetere. Nikawauliza mtapiga kutoka wapi. Wakasema, hatua makumi tano. Neno lile lile! Wakati wa kuandika tetere nilikuwa nimefikia nyota mbili, sasa nafuta. Sifuri. Katoni iko kabatini chini ya mashuka, na ufunguo ninatembea nao.

Kunguru wanakuja bado. Nilinunua nyavu kuukuu kwa akina mama wanaoleta samaki kutoka Kasenga, nikazifunga juu ya uwanja wa vifaranga, mzee akanisaidia kwa nguzo. Gharama haikufika hata robo ya ile bunduki. Tangu hapo nimepoteza wawili, na wote walitoka wenyewe nje ya wavu. Sisemi sitapiga tena kamwe. Kunguru akitua juu ya banda, hatua kumi, ametulia, na nimeijaribu bunduki kwenye kizibo asubuhi hiyo hiyo, pengine nitapiga. Watoto wanakula kwa kuku hao. Kwa mwembe, hapana.

Majuzi nilipita tena duka lile, nilihitaji misumari ya kurekebisha nguzo na kwingine kulikuwa kumefungwa. Kulikuwa na baba mmoja, mkulima kwa viatu vyake, ameshika katoni kama yangu. Na kijana anagonga kwa ukucha, "Papa, hii inaua mpaka..." Sikungoja amalize. Nikamwambia, "Papa, samahani. Mwambie atundike kizibo kule mwisho wa ukuta apige yeye mwenyewe, wewe ukitazama." Kijana akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akasema nisimharibie kazi, nitoke.

Nilitoka bila misumari. Nilipogeuka, yule baba alikuwa bado ameshika katoni, anatazama mwisho wa ukuta.