Sheikh Amri Abeid: nimekaa humo kwa mpira, Mei Mosi na tamasha, na hivi ndivyo ninavyoupima

Juzi rafiki yangu wa Moshi alinipigia simu. Kuna tamasha Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, akaniuliza achukue tiketi ya VIP au ya mzunguko, yale majukwaa ya kawaida. Nikamjibu kwa swali: anayeandaa ni nani? Akaona namzungusha. Simzungushi. Uwanja ule naujua tangu nikiwa mtoto, na siku yangu nzuri kuliko zote na siku mbaya kuliko zote za kulipa kiingilio, zote zimetokea kwenye zege lilelile.

Nilianza kuingia humo shule ya msingi, kwa halaiki. Mwalimu wa michezo ana filimbi mdomoni, sisi tumepangwa mistari tangu asubuhi, mimi nimevaa raba za kuazima zilizonizidi namba mbili. Kazi yangu ilikuwa kuinama kwa wakati ili herufi isomeke kutoka jukwaa kuu. Niliinama mapema. Mpaka leo nikipita geti lile nasikia ile filimbi.

Kwa asiyeujua: uko katikati ya mji, unatoka stendi unatembea dakika chache umefika, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza kwangu. Hakuna kutafuta bodaboda wa kukutajia bei ya mgeni. Hutajwa kuwa unachukua watu 20,000. Jukwaa kuu lina paa, kwingine unakaa chini ya anga, na pembeni mwa nyasi kuna njia ya riadha. Mawingu yakikubali, Mlima Meru unasimama hapo juu kama mtazamaji aliyekataa kulipa kiingilio.

Na jina. Machalii wengi wa mjini hapa wanadhani Sheikh Amri Abeid alikuwa beki wa zamani, au imamu wa msikiti fulani. Mzee alikuwa malenga! Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akaandika kanuni za utunzi wa mashairi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na vina na mizani tulivyokaririshwa shuleni vinapitia kwake. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, kisha waziri mwenye dhamana ya utamaduni, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana kwa hesabu za wanasiasa. Kwa hiyo tunapokaa pale tukimzomea refa, tumekaa kwenye jina la mtu wa mizani. Tangu nilipolijua hilo, spika ikikoroma humo ndani naumia mara mbili.

Kama viwanja vingi vya mikoani, huu ni mali ya CCM tangu enzi za chama kimoja, na si mbali na mnara wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Siasa haijawahi kuuacha. Tarehe 30 Mei 2015 Edward Lowassa alitangazia humo safari yake ya kuutafuta urais. Siku hiyo sikuingia, nilibaki barabarani na wenzangu kwa sababu hakukuwa na pa kuweka mguu, tukawa tunafuata hotuba kwa makelele: wakishangilia ndani, na sisi nje tunashangilia, bila kujua tumeshangilia nini. Miezi miwili baadaye alikuwa ameshahamia upinzani.

Mei Mosi ya kitaifa ya mwaka 2024 ilifanyika hapohapo, mgeni rasmi akiwa Makamu wa Rais, Dkt. Philip Mpango. Hiyo nilikuwa ndani, fulana ya kazini, kofia, na upande mmoja wa bango la kitambaa. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa mfupi, kwa hiyo bango letu lilipita mbele ya jukwaa kuu limeinama kama paa la banda. Kuhusu nyongeza ya mshahara sisemi. Kuhusu uwanja nasema hivi: kwa gwaride na maandamano hauna mpinzani mjini, maana ile njia ya riadha inazungusha watu wengi bila kukanyagana. Shida ni kusimama. Jua la Arusha linadanganya, upepo unakupoza usoni huku shingo inaungua. Nilijua nimeungua usiku, nilipovua fulana.

Sasa siku nzuri. Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Coastal Union. Mimi ni Mnyama, shabiki wa Simba, tangu tumboni, kwa hiyo siku ile niligeuka Mgosi wa Kaya, mtu wa Coastal, kwa muda. Mji ulikuwa kijani na njano tangu asubuhi, na baridi ya Julai ilikuwa ileile ya kuvaa sweta chini ya jezi. Nilikaa mzunguko, jirani yangu baba mmoja wa makamo aliyekuja kutoka Tanga na mfuko wa karanga. Kila Abdul Suleiman Sopu aliposhika mpira, baba huyu alikuwa ananibana goti. Sopu alifunga matatu peke yake. Matatu, kwenye fainali, dhidi ya Yanga ile! Goti langu lilipata habari kabla ya macho. Yanga nao hawakukubali, dakika 120 zikaisha 3-3, tukaenda matuta, yaani penalti, na Yanga wakachukua kwa 4-1. Baba wa Tanga alikunja mfuko wake taratibu, akanipa karanga zilizobaki, akasema, "Mwanangu, kula tu, mimi hazipiti." Akaondoka.

Kwa siku kama ile uwanja huu unafanya kazi yake vizuri kuliko unavyodhaniwa. Njia ya riadha inakuweka mbali kidogo na mchezo, kweli, lakini ukipanda ngazi za juu unaona umbo lote la timu. Sauti ya watu inapanda yenyewe, huhitaji mtu wa kukuhamasisha kwenye kipaza sauti. Na filimbi ya mwisho ikilia, baada ya robo saa uko kwenye kifodi, daladala yetu ya hapa, kuelekea nyumbani, umesimama lakini unakwenda.

Siku mbaya ilikuwa tamasha. Waandaaji nawaacha bila jina, wanajijua. Nilinunua tiketi mbili za VIP, yangu na ya mama watoto, maana tangazo liliahidi viti, kinywaji na nafasi mbele ya jukwaa, geti kufunguliwa saa kumi jioni. Tulifika saa kumi na moja. Geti lilifunguliwa saa mbili usiku. Kijana wa mlangoni alikuwa anakagua tiketi kwa simu, simu ikaishiwa bando, foleni nzima ikasimama mpaka dada mmoja nyuma yangu alipomrushia intaneti kutoka simu yake. Nasema ukweli: tuliingia kwa bando la mteja.

Ndani, jukwaa lilikuwa limewekwa upande wa goli. Mchana ilinyesha. Viti vya VIP vilikuwa vile vya plastiki, vimepangwa juu ya nyasi mbichi, na kila ukikaa miguu ya kiti inazama, ya nyuma kwanza. Ndani ya saa moja safu yetu yote ilikuwa imelala chali kama watu walio kwa daktari wa meno. Mama watoto alivua viatu vya kisigino akavishika mkononi. Kinywaji kilikuwa soda moja, ya moto, kwa watu wawili.

Lakini kilichoniuma ni sauti. Uwanja wa wazi hauna kuta za kushika muziki, na zege la upande wa pili linakurudishia kila neno likiwa limechelewa. Fundi mitambo anayejua kazi huweka spika nyingine katikati ya uwanja na kuzichelewesha kidogo, ili wa nyuma wasisikie mara mbili. Hawa walirundika spika zote mbele, wakafungulia mpaka mwisho. Sisi wa VIP tulipigwa kifuani, wa mzunguko wakasikia kila mstari ukijifuata wenyewe. Msanii mkubwa alipanda saa saba usiku, akaimba nyimbo nne juu ya CD, ya tano jenereta ikazima. Giza. Watu wakawasha tochi za simu, wakaendelea kuimba wenyewe, na niseme kweli, hizo dakika chache ndizo pekee nilizosikia maneno vizuri. Mzee wa vina na mizani angekuwepo, nadhani angekaa mpaka hapo kisha aende zake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema uwanja umechoka, wacha wahamie kule kupya. Uwanja mpya unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, umepangwa kuchukua watu 30,000 na umepewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Nausubiri kwa hamu, nitakwenda. Ila nyasi za Sheikh Amri hazikumwambia mtu apange viti vya plastiki juu yake baada ya mvua. Promota yuleyule, ukimpa Olmoti, atakuja na kijana yuleyule asiye na bando. Na Olmoti si pa kutembea kwa miguu kutoka stendi saa tisa usiku.

Kuna matumizi mengine ya njia ile ya riadha nisingependa yasahaulike kwenye hizi kelele za matamasha. Huku ndiko anakotoka Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16. Na Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ndogo kuliko kufumba jicho, anafanyia mazoezi yake Arusha. Kila nikiona mafundi wanaburuta vyuma vya jukwaa juu ya njia ya kukimbilia, nawafikiria vijana watakaokuja na raba zao kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo rafiki yangu wa Moshi nilimjibu hivi. Mpira: nenda, kata mzunguko, kaa juu, beba sweta hata kama mchana ni wa joto. Sherehe za kitaifa: nenda mapema, vaa kofia yenye ukingo, kunywa maji kabla ya kupanga mstari. Tamasha: uliza kwanza nani anaandaa na mara ya mwisho alifungua geti saa ngapi, na ukisikia "viti vya VIP" uliza vitawekwa juu ya nini. Mwenye mashaka akate mzunguko, zege halizami.

Akaniuliza kama nilirudishiwa pesa yangu. Namba iliyokuwa kwenye tangazo bado ninayo, nimeihifadhi kwa jina la "Soda ya Moto". Nikipiga inaita mpaka inakatika.