"Came from" au "originated in": ipi itumike kutaja asili?

Kwa mazungumzo ya kila siku, "came from" ina nafasi pana zaidi. Inabeba watu, barua, hata kelele: "The noise came from the kitchen." Ila ina mtego. Ukisema "I came from Tanga", wengi wataelewa umesafiri kutoka huko. Kama Tanga ndiko kwenu, Kiingereza kinataka wakati uliopo, "I come from Tanga", hata ukiwa ulihama zamani.

"Originated in" hushinda unapotaja chimbuko: "Arabica coffee originated in Ethiopia." Hapo hakuna utata; kahawa ilianzia huko, si kwamba gunia limetoka huko wiki jana. Lakini mtu haimfai. "My uncle originated in Moshi" inamgeuza mjomba kuwa zao la shambani!

Kwa makosa, "came from" huharibiwa na "did came" badala ya "did come". "Originated in" hubebeshwa "was" bure: "was originated from", kosa linalopenda kujificha kwenye ripoti rasmi.

Ukiandika insha ya historia, chukua "originated in". Ukipiga soga, au ukisita kuhusu kihusishi, "came from" inatosha.