Sitaha ya kompoziti nyumbani Mombasa: ipi ununue, na hesabu yake

Ukiuliza dukani sitaha ya kompoziti (sakafu ya nje iliyoinuliwa, ya mbao zilizotengenezwa kwa unga wa mbao na plastiki) ni pesa ngapi, utatajiwa bei ya mbao za juu tu. Hizo ndizo zinazoonekana, na ndizo zenye rangi ya kuvutia. Lakini hapa kwetu sitaha hufa kuanzia chini. Chumvi ya bahari inakula skrubu, mchwa wanakula boriti, na maji ya masika yakikosa njia ya kutokea yanamaliza kilichobaki. Kwa hiyo nimezipanga aina nne za mbao za sitaha kwa kutazama sitaha nzima, kuanzia kwenye udongo hadi pale unapokanyaga.

Kabla hujatoa hata shilingi, tazama kiwango cha sakafu yako. Kama unataka pa kukaa jioni uani, na ua uko sawa na ardhi, huhitaji sitaha hata kidogo. Tandaza mawe ya Mazeras. Yanachimbwa hapo tu njia ya Nairobi, hayajui mchwa wala kutu, na fundi wa kuyatandaza humkosi mtaa wowote kuanzia Mikindani hadi Mtwapa. Sitaha ina maana pale unapoinuka: mlango uko juu ya ua, kiwanja kinateremka, au una slebu (paa bapa la zege) juu ya nyumba inayopikwa na jua mchana kutwa na ungependa kuitumia. Wanaobaki baada ya hapo ndio ninaowaandikia.

Nambari 1: Kompoziti yenye ganda, iliyojaa ndani, juu ya boriti za alumini

Kompoziti, ambayo mafundi wengi huiita WPC, ni unga wa mbao na plastiki vilivyoyeyushwa pamoja na kusukumwa kwenye kalibu, mara nyingi karibu nusu kwa nusu. Biashara yake ilikulia Marekani, ambako kampuni ya Trex ilianzishwa mwaka 1996. Mbao za mwanzo zilikuwa wazi. Ule unga wa mbao uliendelea kunywa maji, mbao zikaota ukungu na kupauka. Ndipo viwanda vikaanza kuzivika ganda la plastiki tupu. Ganda hilo ndilo jambo la kwanza la kuulizia dukani, kabla ya rangi na kabla ya bei. Omba kipande kilichokatwa, ukitazame ubavuni: ganda litaonekana kama ukingo mwembamba wenye rangi tofauti na nyama ya ndani. Hakikisha limezunguka pande zote nne, maana ziko zilizovikwa juu tu, na unyevu wa Mombasa hupanda kutoka chini.

Kisha angalia kama ubao umejaa au una matundu. Uliojaa ni mzito na ghali zaidi, lakini ukiangusha mtungi wa maua hautobolewi, na sisimizi hawapati pa kujenga.

Kompoziti haibebi uzito peke yake. Inahitaji boriti chini yake, na hapa ndipo ningeweka pesa zangu. Boriti za alumini hazina cha kumpa mchwa, na chumvi inazichukua taratibu sana. Zina adui mmoja ambaye mafundi humsahau: saruji mbichi. Alumini ikilala moja kwa moja kwenye zege lenye unyevu inalika, kwa hiyo iwekewe vitako vya plastiki. Juu ya slebu vitako hivyo vina faida ya pili, kwamba sitaha inasimama bila kutoboa chochote. Fundi akija na drili kwenye slebu ambayo tayari imepakwa lami ya kuzuia maji, mtoe. Tundu moja linatosha kukuletea maji chumbani mwezi wa Mei.

Skrubu na klipu (vibanio vya kushikia mbao kwenye boriti) ziwe za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya daraja la 316. Ya 304 ni nzuri bara, lakini 316 imeongezwa madini ya molibdenamu, na hiyo ndiyo inayoikinga na chumvi. Kwa macho zinafanana kabisa, basi soma kilichoandikwa kwenye boksi. Za chuma cheusi zilizopakwa rangi zisikanyage kwako, hasa ukiwa Nyali, Shanzu au Bamburi, ambako upepo wa kusi unapiga kutoka baharini miezi mingi ya mwaka.

Rangi nayo si urembo tu. Kompoziti nyeusi au kahawia iliyokolea hupata moto juani kiasi cha kumfukuza mtoto asiye na viatu. Omba kipande, kiache nje mpaka saa nane mchana, ukikanyage kwa mguu mtupu. Rangi ya mchanga au kijivu chepesi ndiyo salama.

Jambo jingine kwa wenye nyumba bila ardhi (nyumba yako, kiwanja cha mwingine), na Mombasa tuko wengi: sitaha ya skrubu na klipu hufunguliwa ukahama nayo. Jaribu kufanya hivyo na sakafu ya terazo.

Nambari 2: Mvule

Ningeuweka wa kwanza kama ungekuwa rahisi kupatikana uliokauka vizuri. Mvule una mafuta yake yenyewe, mchwa hawaupendi, na hauchomi miguu kama plastiki. Ukiuacha bila mafuta hugeuka kijivu cha fedha, na wako wanaoipenda rangi hiyo kuliko ile ya mwanzo. Ukitaka ubaki kahawia, utaupaka mafuta kila mwaka, na gharama hiyo haimo kwenye bei ya kwanza.

Shida ni upatikanaji. Mwingi unaouzwa huku unatoka nchi jirani, na tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018 bei za mbao ngumu hazijawahi kuwa za kutabirika. Marufuku ilitangazwa kuondolewa 2023, lakini muulize muuzaji karatasi za mzigo. Mbao huuzwa kwa futi, kwa hiyo unaposikia bei, uliza pia upana na unene kwa inchi, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Ubao mbichi utajikunja ukishapigwa skrubu. Bisha hodi juu yake kwa kifundo cha kidole. Ukijibu kwa sauti nzito iliyofifia, bado una maji.

Nambari 3: Kompoziti isiyo na ganda, yenye matundu

Hii ndiyo inayouzwa kwa matangazo ya "ofa". Si mbovu kama kuna paa juu yake: kibaraza kilichofunikwa, mahali pasipopigwa na jua wala mvua. Nje kabisa, tarajia kupauka na madoa meusi ya ukungu kwenye kivuli cha mwembe. Ukiinunua, ziba ncha za matundu na vifuniko vyake, na fundi aache nafasi ya milimita tano hivi kila mwisho wa ubao, kwa kuwa kompoziti hurefuka kwa joto na ikikosa pa kwenda huinuka.

Nambari 4: Saipresi iliyotiwa dawa

Ni ya bei rahisi, na ndiyo fundi wako atakayoipendekeza kwa sababu ameizoea. Kama boriti za chini inakubalika, mradi haigusi udongo na hewa inapita chini. Kama sakafu ya juu, siioni ikifaa pwani. Ile yenye rangi ya kijani imetiwa CCA, dawa yenye shaba, kromi na arseniki. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za nyumba za makazi mwisho wa 2003. Shaba hiyo hula alumini na skrubu za kawaida, kwa hiyo usichanganye boriti za kijani na klipu za alumini. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni kupikia. Moshi wake una arseniki.

Hesabu

Mtego wa kwanza ni neno "mita". Muuzaji mmoja anataja bei ya mita ya urefu, mwingine ya mita ya mraba, wa tatu ya ubao mzima. Ubao wa upana wa milimita 140, ukiacha nafasi ya 5 kati ya mbao, unahitaji karibu mita 7 za urefu kufunika mita moja ya mraba. Ukiambiwa "elfu moja kwa mita" ukafurahi, umeambiwa karibu elfu saba. Na vikokotoo vya Marekani mtandaoni vinahesabu kwa futi za mraba. Mita moja ya mraba ni futi 10.76.

Mtego wa pili ni vipimo vya sitaha yenyewe. Tuseme unataka mita 4 kwa 3, na mbao zina urefu wa mita 2.9. Ukizilaza kufuata upande wa mita 4, unahitaji safu 21, na kila safu inadai kiraka cha mita 1.1. Zinakwenda mbao 32, na vipande vingi vinabaki vya kutupa. Punguza kidogo: sitaha ya 2.9 kwa 4.06, mbao nzima zikilala upande mfupi. Zinakwenda 28, bila kiraka hata kimoja, na umepoteza chini ya robo ya mita ya mraba. Pima ubao kwanza, kisha ndiyo uchore sitaha.

Kwa sitaha hiyo ndogo, boriti zikikaa kila sentimita 35, utahitaji boriti 10, yaani mita 41 hivi, na klipu karibu 280. Sasa tia bei. Nitatumia za mfano ili uone uzito wa kila kitu. Zako utaziweka mwenyewe. Ubao 3,000: jumla 84,000. Alumini 800 kwa mita: 32,800. Klipu 30 kila moja: 8,400. Fundi 10,000. Inafika 135,200, bila usafiri na bila mbao za kufunika kingo. Mbao za juu pekee ulizotajiwa dukani ni 84,000. Hiyo tofauti ya elfu hamsini na zaidi ndiyo watu huibana kwa kuweka boriti kila sentimita 60, kisha baada ya mwaka wanalalamika kuwa kompoziti inanesa.

Unapopewa kwotesheni, uliza kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Uliza pia mzigo uko wapi. Usishangae ukiambiwa uko ghalani Nairobi, ilhali ulishushwa hapa bandarini Kilindini. Usafiri wa kuurudisha utaulipa wewe. Dhamana ya miaka 25 ni ya kawaida kwa kampuni kubwa za Marekani, lakini karatasi yake husema boriti zikae umbali gani, na fundi asipofuata umepoteza dhamana siku ileile. Mpe fundi nakala kabla hajakata chochote.

Fundi umlipe kwa awamu, ya mwisho baada ya kumwaga ndoo ya maji juu ya sitaha na kuona yanakoelekea. Na nunua mbao mbili za ziada mapema, uzifungie stoo: kontena lijalo, rangi iliyopewa jina lilelile huwa imeachana na yako kidogo.